Vikombe Saba vya Kituoni

Nakumbuka asubuhi moja ya mwaka 1966, mwanangu, natoka Matrah, bandari ya nchi ya babu zetu, juu ya punda wa kukodi, daftari kifuani. Nna miaka ishirini na miwili, Unguja tumeiacha mwaka wa pili ule, na Kiarabu changu kilichechemea kuliko punda mwenyewe.

Mama alikuwa katika chumba kimoja pale Matrah, hana jamaa wa kumbishia hodi. Baba yake, babu yangu Nasor, alifariki mama akingali mchanga. Juu ya safari yake tulijua hili tu: alipokwenda Unguja katika ujana wake, alipitia kituo cha misafara kilicho bondeni, mwendo wa nusu siku. Kijiji chake hatukukijua. Mwacha asili ni mtumwa, mama alikuwa akisema. Nikamwahidi sirudi bila ya jina la kijiji.

Kituo kilikuwa kisima, mitende michache na safu ya vyumba vya udongo. Mwenyewe, Mzee Saif, alinikaribisha mkekani kwa tende na kahawa. Mimi nikafungua daftari papo hapo. Kituo kakijenga nani? Misafara ilitoka wapi? Wamjua Nasor?

Mzee akainua birika. Akanimiminia kahawa. Nikauliza tena, akamimina tena. Nikaona kukataa ni utovu wa adabu, nikanywa kila alichomimina.

Kwenye kikombe cha saba, kicheko kikatoka nyuma ya mlango, na sauti kwa Kiswahili cha Unguja kitupu:

"We kijana! Kitikise kikombe, ndiyo kusema basi, utakufa na kahawa!"

Alikuwa Bi Zuwena, dada yake mzee, aliyewahi kuolewa Unguja.

"Nimemuudhi, bibi?"

"Anakungoja. Hapa mgeni haulizi, huulizwa. Nawe hata khabari za njia hujampa nafasi akuulize. Umekuja kutembea au umekuja kukamata mtu?"

Nikafunga daftari, nikatikisa kikombe. Mzee akajiweka sawa, kama aliyesubiri mwaka mzima, akaniuliza khabari za nitokako. Nikazitoa zote, Bi Zuwena akifasiri: mvua, meli, mama na upweke wake, babu Nasor na vidole vyake sita vya mkono wa kushoto.

"Wa vidole sita!" Mzee aliruka. "Alilala chumba cha tatu, wiki tatu, ana homa. Mimi mtoto, akanifundisha kuhesabu kwa vidole vyake. Mpaka leo nikihesabu ngamia, huzidi mmoja!"

Basi akafunguka. Hapa punda walibadilishwa, barua zililala, tende na ndimu zilishuka pwani, mchele na nguo zikapanda milimani. Na kijiji akakitaja, na salamu akazituma huko kwa jamaa za babu.

Wiki haikwisha, hodi ikabishwa Matrah. Watu kumi na mmoja, na bwana mmoja kati yao ana vidole sita. Mama alipiga vigelegele kabla hata ya kuitikia salamu.

Leo, mwanangu, mnapita pale kituoni kwa gari wala shingo hamgeuzi. Geuza. Na ukifika kwa watu, usitangulize maswali. Toa kwanza khabari zako, uwaambie u nani na una haja gani. Mgeni njoo, mwenyeji apone: nami naamini huponywa kwa alichokuja nacho mgeni, si kwa anachokuja kuchukua.

Mwenyezi Mungu akujaalie kila ufikapo umkute wa kukuuliza utokako, na jibu lako likufungulie mlango.