Mahali Dalali Aliposhusha Sauti

Juzi nilipanda Wundanyi, nikakuta chumba kilichokuwa maktaba kinauza simu. Kijana wa hapo akaniambia, "Nyanya, maktaba ilikuwa ya watu wa kusoma tu." Nikamwambia nyamaza, hujui kitu. Nawe msomaji, keti nikueleze.

Miaka ya sabini, mimi nilishaachia shule darasa la tatu. Nyanya yangu hata la kwanza hakuliona. Tulilima kabeji mlimani, tukazibeba mgongoni kwa vikapu, kamba ikikaza paji la uso. Mpaka leo nikipapasa hapa nasikia mfereji. Sokoni alikuja dalali na lori la Mombasa, mtu wa sauti kushinda kengele ya kanisa. "Mama, Mombasa kabeji zimejaa hata mbuzi wamezikataa!" Akishataja bei, imetoka. Kabeji haingoji kesho.

Lakini mama wa maktaba, yule wa miwani, kila siku ya soko alitusomea bei za Mombasa gazetini. Mle ndani mlinukia nta ya sakafu, tukavua ndala mlangoni bila kuambiwa. Siku moja akasoma, nyanya akasema, "Rudia." Akarudia. Ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya dalali.

Nyanya akamwendea dalali, akamtajia bei hiyo. Dalali akacheka: "Leta hilo gazeti nilione!"

Gazeti la maktaba halitoki. "Basi twende liliko," nyanya akasema. Wanawake wote wakafunika vikapu kwa majani ya ndizi, wakagoma kuuza. Jua linapanda, kabeji zinalegea, na mabati ya paa letu yalikuwa ndani ya kabeji zile.

Dalali akaona lori litarudi tupu, akaingia maktaba, akafungua kinywa angurume. Mama wa miwani akainua kidole: "Mzee, hapa hatupigi kelele."

Bila ile sauti alikuwa mtu mfupi tu, mwenye jasho. Wanawake wakazunguka meza lilipokuwa gazeti, wakimtazama. Akanong'ona bei. Nyanya akatikisa kichwa. Akanong'ona nyingine. Hatukupata yote ya gazeti, maana lori ni lake na mafuta ni yake, nyanya alijua hilo. Lakini tuliezeka mabati.

Shule sikurudi, nisikudanganye. Nyanya hayupo, mama wa miwani hayupo, vitabu sijui vilienda wapi. Wanasema mambo ya pesa siku hizi yako kwenye simu. Haya. Ila mnunuzi akija shambani kwangu akipiga makelele, namwambia: punguza sauti kwanza, ndipo utaje bei.