Pumzi Tatu na Mguu wa Mama Pazia

Mama Pazia alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilijulikana mtaa mzima: kushona mapazia, ndiko alikopata jina. Ya pili hakuna aliyeijua, na mwenyewe alikuwa ameapa kufa nayo. Kila Jumapili alasiri, mumewe anapoweka ile santuri yake, Mama Pazia alikuwa anakanyaga ubao.

Tuanze na mume, maana bila yeye ubao usingekuwa na maana. Alikuwa msoma mita za maji. Ni kazi ya halali, lakini haina mashabiki. Akibisha hodi, watu wanazima redio na kujitia hawapo, na anayetoka mbio kumlaki ni mbwa. Ila katika kuingia nyua za watu, kuinama chini ya ngazi na kuchungulia nyuma ya mabanda akitafuta mita, jicho lake lilizoea kuona vitu vilivyosahauliwa, na kitu kilichomtoa udenda kuliko vyote ni santuri. Jazi za zamani, soul za zamani, zimerundikwa kwenye boksi pamoja na feni mbovu. "Hizi bado mnazitumia?" angeuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali kabisa. Wakimpa, anazikumbatia kifuani, anaaga haraka wasije wakageuza mawazo, na mita anasahau kuisoma. Inabidi arudi kesho yake, mbwa amlaki tena.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake. Sebule yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, sakafu ya mbao, gramafoni juu ya kabati dogo karibu na mlango wa jikoni. Wapenzi wa santuri walikuja kusikiliza na kubishana, na humo ndani hakuwa tena msoma mita. Alikuwa Mwenyekiti. Akiinua mkono, watu wananyamaza. Akisema mpulizaji fulani alikuwa na pumzi ya baridi, watu wanaguna kukubali, hata wale ambao hawajui pumzi ya baridi ndiyo ipi. Kulikuwa na Katibu, mwalimu wa jiografia, ambaye hukubali kila asemalo Mwenyekiti kisha hulirudia kwa maneno marefu zaidi. Kulikuwa na ndugu wawili wenye duka la rangi, watu wa kambi ya soul, wasioficha kwamba jazi wanaivumilia tu kwa sababu ya chai.

Mama Pazia naye moyoni alikuwa kambi ya soul. Mwimbaji wa soul akikwambia ameachwa, unajua ameachwa. Jazi aliiona kama mtu aliyepoteza funguo: anazitafuta nyumba nzima, na akishazipata anazitupa tena ili apate kuzitafuta. Maoni hayo hakumpa mtu. Alitia sukari, akapanga vikombe.

Sasa, ile santuri. Mumewe aliipata kwa familia iliyokuwa ikihama, akaja nayo nyumbani mbio, akaiweka siku hiyo hiyo mbele ya wageni bila hata kuijaribu. Saksafoni ikaanza vizuri, ikapanda, ikafika mahali ikasema kitu kifupi, kama mtu anayeomba. Ikakirudia. Ikakirudia tena. Mama Pazia alikuwa anatoka jikoni na sinia, akakanyaga ule ubao uliolegea pale mlangoni, ubao ambao ulipita mpaka chini ya kabati. Kabati likatikisika kidogo, saksafoni ikaendelea na safari yake.

Mwenyekiti aliruka juu, mkono hewani. "Mmesikia? Mmesikia jamaa alichofanya? Mara tatu! Ya kwanza anaomba, ya pili anabembeleza, ya tatu anakataliwa, anaondoka zake! Mtu gani anathubutu kufanya hivyo?"

"Ni marudio yenye kusudio la kimaudhui," alisema Katibu.

Wakaiita Pumzi Tatu. Wakataka kuisikia tena papo hapo. Safari hii Mama Pazia alikuwa amesimama pembeni na sinia tupu, akasikiliza kwa makini. Anaomba. Anabembeleza. Na alipoiangalia ile santuri ikizunguka, akaona sindano inavyojikwaa kwenye mkwaruzo na kurudi nyuma, akaelewa. Jamaa hakuwa amethubutu kitu. Jamaa alikuwa amekwama. Akamtazama mumewe: macho yanang'aa, mkono umeshapanda tayari, watu wazima wanamwangalia yeye kama mtu aliyegundua chemchemi. Mguu wa Mama Pazia ukaenda wenyewe mpaka kwenye ubao.

Tangu siku ile hakuwahi kukosa zamu. Alikanyaga akiwa na mimba, alikanyaga akiwa na homa, aliacha sufuria motoni akaja kukanyaga, akarudi akakuta mchuzi umegeuka mkaa. Bahati yake, kwa alivyojua yeye, mumewe hakuipiga santuri ile peke yake hata siku moja. Lazima aite kwanza: "Mama, njoo, nataka kuweka Pumzi Tatu. Hainogi bila wewe." Mama Pazia alidhani ni maneno tu ya mapenzi, yale ambayo mume hutoa akitaka chai.

Mambo yakaenda hivyo, binti yao akakua, akaajiriwa benki, akahama, mpaka ilipofika Jumapili alipoletwa mwanachama mpya. Huyu alikuwa fundi redio mstaafu, mtu wa maneno machache na masikio makubwa. Akaisikiliza Pumzi Tatu hadi mwisho, akakuna kidevu.

"Wimbo huu tuliupiga sana redioni enzi zangu," alisema. "Nijuavyo mimi, hapo jamaa anapita mara moja tu."

Vichwa vyote vikamgeukia Mwenyekiti. Mwenyekiti akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Labda mlikuwa na nakala mbovu, mzee mwenzangu."

"Labda," alisema Fundi Redio. "Jumapili ijayo nitakaa karibu nayo, niisikie vizuri."

Mama Pazia alirudi jikoni. Alijua kinachokuja. Mumewe siku sita za wiki ni mtu wa kufungiwa milango; ile sebule ndiyo heshima pekee aliyokuwa nayo duniani, na Pumzi Tatu ndiyo nguzo yake. Akiumbuka pale mbele ya watu, mbele ya wale ndugu wa duka la rangi ambao wangecheka mpaka wavunjike mbavu, asingeinua tena ule mkono. Basi akapiga moyo konde: Jumapili hiyo atakanyaga vizuri kuliko siku zote.

Katikati ya wiki akapanda kigoda cha kusimamia nyumbani kwa mteja, atundike pazia. Kigoda kikaenda huku, yeye akaenda kule. Akarudishwa nyumbani na mguu wa kulia ukiwa kwenye plasta hadi gotini, na gongo la kutembelea.

"Pole sana, Mama," mumewe alimwambia, akampangia mito kwenye kochi la upande wa pili wa sebule, mbali kabisa na mlango wa jikoni. "Hapa hutoki. Daktari kasema mguu upumzike."

Mama Pazia alilitazama kochi, akautazama ubao, akaona umbali uliopo kati yao. Mumewe alipotoka kwenda kazini alijikongoja mpaka pale, akaupiga ubao kwa gongo. Gongo lilikuwa na raba chini. Kabati halikusikia chochote. Kukanyaga kwa mguu mzima kungetaka asimame kwenye plasta, na alipojaribu aliona nyota mchana. Hapo ndipo alipompigia binti yake simu na kutoa siri ambayo hakuwahi kumpa mtu.

Binti alicheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena. "Mama, yaani miaka yote hiyo? Kila Jumapili?"

"Acha kucheka. Utakuja au huji?"

"Nakuja. Siwezi kukosa hii."

Jumapili wakajaa wote. Fundi Redio akavuta kiti hadi ubavuni mwa gramafoni, akatega sikio. Binti akasimama mlangoni na sinia, amejipodoa kama anayekwenda kuhojiwa kazi. Mama Pazia kutoka kwenye kochi alimwonyesha kwa macho: pale, si hapo, pale. Mwenyekiti alimtupia mkewe jicho, kisha akashusha sindano.

Saksafoni ikapanda. Ikafika. Inaomba. Inabembeleza. Mara ya tatu. Mama Pazia akamkonyeza binti, naye binti akakanyaga kwa nguvu zake zote. Akakanyaga ubao wa jirani.

Mara ya nne. Binti akakanyaga tena, na tena, vikombe vinalia kwenye sinia, watu wote wakageuka kumwangalia.

"Mende," alisema binti.

Mara ya tano, ya sita. Jamaa anaomba tu. Katibu alifungua mdomo atoe maelezo, akakosa hata neno moja refu. Ndugu wa rangi walitazamana, mmoja akajifunika uso kwa kofia. Fundi Redio aliitazama sindano. Alikunja mikono akatabasamu taratibu. Mama Pazia alishika gongo lake, akajaribu kujiinua, akashindwa, na machozi yakamlengalenga. Hakumwonea mumewe huruma tu. Alikuwa na hasira na mguu ule, na kigoda kile, na yule mpulizaji asiyejua kunyamaza.

Mwenyekiti akasimama. Hakuharakisha. Alimpita Fundi Redio, akampita binti, akamsogeza kwa upole, akafika mlango wa jikoni. Hakutafuta. Hakuangalia hata chini. Aliweka kisigino juu ya ubao ule ule, mahali pale pale palipochakaa, akakanyaga mara moja. Kabati likatikisika, saksafoni ikaenda zake.

Akageukia watu, mkono juu kama kawaida.

"Mpiga ngoma wetu ameumia mguu," alisema, akamwonyesha mkewe pale kochini. "Leo nimemshikia zamu."

Ilichukua muda watu kuelewa. Wa kwanza alikuwa Fundi Redio. Aliuangalia ubao, akaliangalia kabati, akamwangalia Mama Pazia na plasta yake, akasimama kabisa. "Shemeji," alisema, "mimi nimefanya kazi na wapiga ngoma wengi. Hakuna aliyewahi kushika wakati hivyo." Halafu ndugu wa rangi wakalipuka, lakini kwa kicheko ambacho hakikumuumiza mtu, maana Mwenyekiti ndiye aliyekuwa akicheka kwa sauti kuliko wote.

Walipoondoka, na binti akiwa jikoni anaosha vikombe huku bado anajichekea, Mama Pazia alimwita mumewe kochini.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu ile safari ulipokwenda kumuuguza mama yako. Nilikukumbuka, nikaiweka peke yangu. Nikadhani jamaa kaingiwa na wazimu. Ikasema lile lile mpaka nikawaogopa majirani."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini na nilikuwa nimeshaitangaza Pumzi Tatu mbele ya watu?" Akakaa, akaugusa ule mguu wenye plasta. "Halafu uliporudi nikaiweka nikuangalie. Nikakuona umetoka jikoni mbio, mikono ina unga, umekanyaga, umerudi, unajitia hamnazo. Nikajiambia, mtu anayefanyiwa hivi aseme nini tena? Akae kimya, aombe Jumapili ifike."

Aliinuka, akachomoa kwenye rafu jalada moja lililofichwa nyuma ya mengine. Santuri ile ile, wimbo ule ule, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Aliipata zamani kwenye banda la mtu mmoja. "Niliisikiliza mara moja. Ni kweli asemavyo Fundi, anapita mara moja tu. Nzuri. Safi. Lakini haina mguu wako."

Mama Pazia alimpenda mwanamume yule wakati huo kuliko siku ya harusi yao, na kwa kuwa alimpenda, hasira ikampanda. "Na sufuria zangu zote zilizoungua?"

"Nilikula kila kitu," alisema mumewe. "Umewahi kunisikia nalalamika?"

Jumapili iliyofuata ndugu wa rangi walilibeba kochi na Mama Pazia akiwa juu yake, wakaliweka mlangoni mwa jikoni, ubao ukawa chini ya mguu wake mzima wa kushoto. Chai akaandaa Katibu, ikawa mbaya. Fundi Redio hakukaa tena karibu na gramafoni. Alivuta kiti mahali anapouona mguu. Mwenyekiti akashusha sindano.

Inaomba. Inabembeleza. Mara ya tatu, na mguu wa Mama Pazia ukapanda, ukabaki hewani.

Mara ya nne. Wanaume wote walikuwa wameshika vikombe vikiwa njiani kwenda mdomoni, wanauangalia mguu ule. Mara ya tano.

"Mama," alisema Mwenyekiti, mkono wake nao juu, haujui pa kwenda, "tunakusubiri."

"Subirini," alisema Mama Pazia. "Mimi nimewasubiri na sinia la chai miaka yote."

Kisha akakanyaga, alipotaka mwenyewe.