Mahali Palipofagiliwa Bumula

Nilianza udalali wa mashamba baada ya kustaafu, magoti yalipokataa kulima. Mwanamke mmoja wa kanisani kwetu Kitale, dalali wa miaka mingi, ndiye aliyenifundisha.

"Mzee wangu, wewe hununui shamba," aliniambia tukinywa chai. "Pesa utatoa wapi? Unakubaliana bei na mwenye shamba, mnaandikiana kwa wakili kwamba umepewa muda wa kutafuta mnunuzi. Ukipata wa kulipa zaidi, unampisha aingie mahali pako. Kinachozidi ni chako."

"Na mwenye shamba anajua kwamba kuna cha juu?"

"Si umwambie! Ukimficha nitakusema kwa pasta." Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Nilimshukuru Mungu kwa mwalimu wa namna hiyo.

Shamba langu la kwanza lilikuwa Bumula, la mjane niliyeimba naye kwaya tukiwa vijana. Macho yake yalikuwa yanazimika, na binti yake aliyeolewa Kitale alitaka awe karibu naye. Lakini kwetu mama hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake. Ilibidi auze shamba ili apate kiwanja kidogo na nyumba yake mwenyewe, jirani na binti.

Tuliutembea mpaka wa shamba pamoja, yeye mbele akiugusa ua wa mkonge kwa fimbo. Nyuma ya jikoni akanishika mkono.

"Hapo usikanyage, ndugu."

Niliona ardhi tupu, imefagiliwa safi. Hapakuwa na saruji wala msalaba. Mtoto wake wa kwanza, msichana ambaye hakufikia kutambaa, alizikwa pale. Kila asubuhi, tangu ujana wake, mama huyu alipafagia. Alama ya kaburi ilikuwa kule kufagiwa tu.

"Atakayenunua apaache," alisema. "Mengine yote alime."

Nilimwomba wakili aandike hivyo hivyo. Mnunuzi wa kwanza, mfanyabiashara wa Suam, alilipenda shamba mpaka aliposomewa maneno hayo.

"Mzee, nanunua shamba ama matanga? Si hapo ndipo nataka kuchimba choo, bana!"

Wengine walikataa kwa adabu zaidi, lakini walikataa. Muda wetu ukawa unakaribia kwisha. Siku moja nilimkuta mjane akipapasa ukuta akitafuta mlango wa nyumba aliyoishi tangu aolewe. Alijua nimemwona.

"Tumtoe," akasema. "Nitaenda naye."

Kibali cha kufukua tulikipata, pasta akaomba, na watu wa ukoo wakachimba. Walichimba hadi kiunoni, kisha wakapanua pande zote. Yeye alikaa kwenye kigoda, uso umeelekea sauti ya majembe.

"Mmepata?"

Majembe yaliendelea.

"Hata kifungo cha ile sweta aliyozikwa nayo?"

"Mama, ni udongo tu," mmoja akasema taratibu.

Alishuka kutoka kwenye kigoda, akapiga magoti, akaanza kuusikiliza ule udongo kwa vidole, konzi baada ya konzi, akiutia katika beseni. Beseni likajaa. Mikono yake ikabaki juu ya udongo uliosalia.

"Sasa sijui kama nimembeba ama nimemwacha."

Kama mzee wa kanisa, nimefunzwa maneno ya kuwafariji waliofiwa, na nimeyasema makaburini mara nyingi. Siku ile nilikaa chini kando yake mpaka alipokuwa tayari kuinuka.

Mtu wa Suam alinunua. Nililipwa cha juu changu, nikamshukuru Mungu, ingawa shukrani ile ilinitoka kwa shida. Mjane akahamia Kitale. Nyumba yake ni nzuri, haivuji, na wajukuu hawaondoki mlangoni. Udongo wa beseni aliumwaga mwenyewe nyuma ya jiko la nyumba hiyo.

Nilipomtembelea juzi nilimkuta ameinama pale na ufagio, mkono mmoja ukipapasa ukingo asije akapitiliza. Alinitambua kwa kikohozi.

"Ndugu, wewe hupita Bumula. Yule mtu alishachimba choo chake?"

Nilitamani aniulize jambo lingine lolote.

"Alishachimba, dada."

Akatikisa kichwa kidogo, akaendelea kufagia.