Ukuta Aliousoma Mama

Mpaka leo nikiona picha za kanisa letu zikizunguka kwenye simu, moto unaniwaka. Watu wanazisambaza kwa fahari: sakafu ya marumaru, dari la jipsamu lenye taa za rangi, kuta nyeupe laini kama sahani. Wanaliita kanisa jipya. Jipya gani? Ni lile lile walilojenga bibi zetu, isipokuwa limefunikwa uso.

Kijiji chetu kiko nje kidogo ya Nshamba, na kanisa hilo lilijengwa mama yangu akiwa msichana mdogo. Kila familia ilitakiwa kufyatua matofali yake na kuyabeba kichwani mpaka kwenye tanuri. Ili wazee wa kanisa wajue nani ametimiza sehemu yake na nani anakwepa, kila familia iliweka alama kwenye tofali likiwa bado bichi. Majirani zetu wa juu walichora mistari mitatu kwa bua la nyasi. Waliofuata walibonyeza buni za kahawa, tanuri likaziunguza, vikabaki vishimo viwili viwili. Bibi yangu mzaa mama alibonyeza kidole gumba. Fundi aliyajenga matofali kwa mafungu kama yalivyoletwa, hivyo kila familia ikawa na kipande chake cha ukuta, na watu wakazoea kukaa kwenye benchi lililo karibu na matofali yao. Ndani hayakupigwa lipu. Ilikuwa chokaa tu, nyepesi, na alama zote ulizihisi.

Nasema ulizihisi kwa sababu mama alipoanza kuzeeka, macho yake yalipofuka kabisa. Tulimpeleka hospitali, tukarudi naye vile vile. Akakataa kushikwa mkono. "Nilishikwa mkono nikiwa mtoto," alisema, "yatosha." Njia ya kutoka nyumbani, kibanjani kwetu, mpaka kanisani aliijua kwa fimbo. Akifika mlangoni aliikabidhi fimbo kwa jirani, akaweka mkono wa kushoto ukutani, upande wanaokaa akina mama, akaanza kutembea. Mistari mitatu. Vishimo vya buni. Kisha gumba la mama yake. Hapo aligeuka na kuketi, benchi lile lile la tangu utotoni, akiwa ameinua kichwa kuliko sisi wenye macho. Nilipokuwa nyumbani nilipenda kukaa nyuma yake makusudi, nimtazame anavyousoma ule ukuta.

Mimi ni mwalimu, naishi Bukoba mjini, Kitendaguro. Sisi tulioondoka kijijini tuna kundi la usharika kwenye simu, na siku moja katibu wa kamati ya ujenzi alituma humo mchoro wa kanisa litakavyokuwa. "Wapendwa, kamati imeongozwa kuleta mapendekezo haya." Amina zikamiminika. Dar es Salaam amina, Mwanza amina. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Mchoro wenyewe sikuufungua.

Ukarabati ulipoanza, ibada zilihamia chini ya turubai nje. Mama aliambiwa kanisa linatengenezwa, akadhani ni bati. Jumapili ya kulifungua nilipanda gari alfajiri, nikapita Kemondo na Muleba, nikafika nyumbani akiwa ameshavaa gauni lake jipya. Tuliandamana mpaka mlangoni. Akanikabidhi fimbo, akaweka mkono ukutani.

Alipiga hatua mbili, akasimama. Kiganja kikapanda juu, kikashuka chini, kikazunguka. Nyuma yetu watu walikuwa wamejaa, na mhudumu mmoja akasema, "Mama, songa mbele, waitu, tafadhali, wageni wanaingia." Akasonga. Alikuwa akipapasa kwa mikono yote miwili sasa, akapita benchi letu, akaendelea mpaka akagonga spika za kwaya. Mtu akacheka. Kanisani! Kabla sijamfikia, mzee wa kanisa alikuwa ameshamshika bega na kumketisha mbele kwenye kiti cha plastiki, kwenye safu ya wageni. Mgeni, katika nyumba ambayo mama yake aliibebea matofali kichwani.

Sikusikia mahubiri. Baada ya ibada nilimfuata katibu wa kamati, mtu niliyesoma naye darasa moja, nikamuuliza bila salamu, "Mlimuuliza nani kabla ya kuzifunika zile alama?"

"Tuliwauliza wote."

"Mama yangu mlimuuliza?"

"Waitu mwalimu, na wewe ulikubali." Akatoa simu, akapandisha ujumbe mpaka akaufikia mchoro wake. Jina langu lilikuwa pale, amina na alama ya mikono miwili iliyokutanishwa.

"Amina si kura!" nilipayuka, watu wakageuka. "Mtu akituma picha ya jua likichomoza tunaandika amina. Akisema ng'ombe wake amezaa tunaandika amina!"

"Sasa mtu akipinga anaandika nini? Hakuna aliyeandika kitu kingine. Sisi tungejuaje?"

Nikamwomba basi wabandue lipu, mstari mmoja tu, upana wa kiganja, kuanzia mlangoni mpaka benchi letu. Akatikisa kichwa. Kabla ya kupiga lipu, alisema, mafundi waliyachonga matofali yote kwa nyundo ili saruji ishike vizuri. Hata tukibandua, hatutakuta kitu. Alilisema kama mtu anayesifia kazi ya uhakika. Nyundo! Kwenye gumba la bibi yangu! Kwa miaka yote hiyo hakuna tofali hata moja lililokuwa limepasuka, na wao wakaona aibu kuonekana na matofali, wakataka kanisa lifanane na ukumbi wa sherehe.

Mama alikuwa akinisubiri chini ya ngazi, fimbo mkononi. Alikuwa amesikia kelele zangu, na huenda kijiji kizima kilizisikia. Tukatembea mpaka kwenye migomba ya kwanza.

"Omwana wange, mwanangu," akasema, "walikuuliza na wewe?"

"Waliniuliza, mawe," nilimjibu mama.

"Ukasemaje?"

Hasira yangu yote ilinitoka, nikabaki na aibu tupu.

"Nilisema amina."

Akasimama. Nilisubiri anigombeze, na wallahi ningefurahi angenigombeza. Akahamishia fimbo mkono wa kulia, akaunyosha wa kushoto kuelekea sauti yangu ilipotokea.

"Haya," akasema. "Jumapili ijayo uje mapema, unishike mkono."