Salamu za Dakika ya Arobaini

Pale redioni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Hakikisha. Miaka ishirini na miwili alitunza maktaba ya sauti, na kila aliyehamisha faili mbele yake alisomewa somo lilelile: "Umeme ukikatika usianze upya! Nakili kwa programu ya rsync, uiongezee --partial, kisha rudia amri ileile, itaendelea ilipoishia. Na usiamini jina, hata faili lililokatika lina jina kamili. Linganisha ukubwa!" Watu wa habari walimwigiza mpaka kikohozi chake, naye alicheka nao.

Kisha mdogo wake wa kike, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, akaanguka ghafla na kufariki. Kila siku alikuwa akifunga kipindi kwa kumsalimu mama yao, ambaye macho yalikuwa yameshapofuka: "Mama yangu, nimemaliza. Nakuja." Baada ya maziko mama hakutaka kingine.

"Niletee kile cha mwisho, mwanangu. Nimsikie akiniaga."

Kipindi hicho kilibaki kwenye mashine kuukuu, na mkuu wa kituo alishaagiza ifutwe kabla ya adhuhuri. Hakikisha akaanza kukinakili kwenye diski yake. Akajiambia, si faili moja tu? Akatumia amri fupi ya cp, ambayo ikikatizwa haijui kuendelea. Umeme ukakatika. Uliporudi akatazama diski, jina akaliona, akalifungua faili. "Hamjambo, wapenzi wasikilizaji," ikasema sauti ya dada yake. Jamani, mtu akishasikia sauti ile, nani angekaa chini apime ukubwa? Alilifunga upesi, akafuta machozi, halafu akaifuta na ile mashine kuukuu, akaandika sufuri tupu juu ya kila kitu, mwanzo hadi mwisho. Mganga hajigangi, ndugu zangu.

Jioni alimkuta mama amekaa kitandani, amejifunga mtandio vizuri kama anayengoja mgeni. Akaweka kipindi. Mama alitabasamu, akatikisa kichwa, mara moja akacheka kabisa. "Mtundu huyu!" alisema.

Dakika ya kumi na tisa, katikati ya neno, kimya.

Hakikisha akaangalia ukubwa wa faili. Sasa ndipo anaangalia! Halikufika hata nusu. Salamu zilikuwa dakika ya arobaini, na dakika ya arobaini aliifuta yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

"Umeme?" mama akauliza.

Taa ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyao.

"Umeme, mama."

"Basi tusubiri. Ukirudi usimrudishe mwanzo, muache aendelee hapohapo. Bado hajaniaga."

Akakaa kando yake kitandani. Mama akampapasa, akaupata mkono wake, akaushika, na wakasubiri.