Kinyozi Anayejinyoa

Watu husema kinyozi hajinyoi. Mimi najinyoa. Nimejinyoa tangu nikiwa na miaka kumi na minne, na kichwa hiki hakijakaa chini ya mkono wa mtu mwingine mpaka leo, nashukuru sana. Mwenzangu wa kiti cha pili pale kibandani ana maelezo yake. Kwanza alisema ni ubahili. Baadaye akasema naogopa nywele zangu zisije zikaokotwa na wabaya wangu. Siku hizi anawaambia wateja kwamba najisikia tu. Namwacha aseme, mdomo ni wake, na mimi mwenyewe maelezo bora sikuwa nayo.

Nina binti mmoja, miaka tisa. Nyumbani tunamwita Bibi Afya, kwa sababu hakuna kitu kinachomfikia bila kufanyiwa ukaguzi. Uji ukiwa na bonge moja, bakuli zima limekataliwa. Soksi anazigeuza nje ndani ndipo azivae, ili mshono usimguse vidole. Ukimpitia karibu ukamgusa bega kwa bahati mbaya, anajifuta kama umemmwagia mafuta ya taa. Mama mkwe wangu, ambaye amelea watoto saba na kwa hiyo ni bingwa wa dunia, alishatoa hukumu: ni deko, na dawa ya deko inajulikana.

Sasa fikiria aibu yangu. Mtoto wa kinyozi, kichwani msitu. Shule yao inataka nywele fupi, na kila muhula ilikuwa vita nyumbani. Likizo ya mwanzo wa mwaka nikaona nimechoka kuchekwa. Nikamwita shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa kubeba magunia, aje amshike kwenye kiti. Ndivyo tunavyowafanyia watoto wasumbufu wote: mmoja anashika, mmoja ananyoa, dakika tano kazi imekwisha, mtoto anapewa peremende na wazazi wanasema asante.

Bibi Afya hakulia kama watoto wanavyolia. Alipiga ukelele mmoja, akamuuma shemeji mkono mpaka damu, kisha akanyamaza, akawa anatetemeka tu mpaka nilipomaliza. Mimi fundi mkubwa nikasimama kando nikajisifu kwamba mstari wa kisogoni umenyooka. Peremende aliiacha kwenye kiti. Tangu siku hiyo nikiingia sebuleni yeye anatoka. Nikikaa mezani, ghafla ameshiba. Miezi mitatu mtoto wangu wa pekee ananikwepa, na salamu ananipa kwa kusukumwa na mama yake. Nilikuwa nasema sijali. Nilijali mpaka usingizi ukanikimbia.

Mwalimu wake wa darasa ndiye aliyetutuma hospitali. Alisema kengele ikilia mtoto anaziba masikio na kuinama chini ya dawati, na kwenye foleni anawasukuma wenzake wasimkaribie. Tulipokelewa na mtaalamu mmoja, dada mdogo tu, ambaye alikaa na Bibi Afya mara nne kabla ya kutuita mimi na mke wangu. Akatueleza polepole kwamba mtoto hana ukorofi wala deko. Mguso na sauti vinamfikia kwa nguvu kupita kiasi. Kinachotupitia sisi bila kukiona, yeye kinamchoma. Halafu akatoa fomu ya maswali, apate kujua nyumbani tuanzie wapi.

Je, mtoto hukerwa na lebo ya shati? Nikamwambia hilo nalo ni swali, nani asiyekerwa? Mimi shati jipya silivai kabla sijalifanyia upasuaji. Je, huruka akiguswa kwa nyuma? Kila mtu huruka, nikasema, ndiyo maana Mungu ametuwekea macho mbele, tumwone anayekuja. Je, huhangaika penye sauti nyingi kwa pamoja? Nikamfafanulia, kwa upole wa mtu mzima anayemfundisha mtoto, kwamba ndiyo sababu kibandani kwangu redio haiwashwi, na harusini mimi hukaa nje na madereva. Nilikuwa nimefika swali la kumi na moja, nimenogewa kabisa, nilipoona kalamu yake imesimama.

"Baba," akasema, "fomu hii ni ya mtoto."

Nikamgeukia mke wangu aniokoe. "Hebu mwambie. Wewe lebo hazikukeri?"

"Sijawahi kujua kama zipo," akasema.

Miaka arobaini na mmoja nilidhani watu wote wanaungua kimyakimya kama mimi. Nilidhani tofauti ni kwamba wao ni mashujaa na mimi ni mwoga mwenye visingizio. Kumbe wenzangu walikuwa wamevaa mashati tu.

Tukatoka, tukakaa kwenye benchi nje ya geti, na kichwa changu kikaanza kufungua makabati ambayo sikukituma. Marehemu baba alikuwa akininyoa kwa kunibana katikati ya magoti, wembe na maji baridi, na nikijinyonganyonga ananizaba kofi. Siku moja nikamnyang'anya wembe, nikajinyoa mbele yake. Akatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe amezaliwa na mkono wa ufundi. Ufundi gani! Nilitaka kushika mpini, makali wayashike wengine. Na likizo ile nilimshikisha makali mwanangu mwenyewe, tena nikamtafutia na mtu wa kumkaba. Nililia pale kwenye benchi, mtu mzima na ndevu zangu zilizochongwa vizuri, na wapita njia wakanipa pole ya msiba.

 Nilipotulia mke wangu akaniambia kwamba miaka kumi na mmoja, kila akinipapasa shingo nikishtuka, alidhani nina mwanamke mwingine. Mimi nilikuwa nikimwambia nasikia joto. Tena hata wakati wa baridi, akasema, na hapo tukacheka wote wawili kama wendawazimu.

Muhula mpya ulikuwa ufunguliwe Jumatatu. Ijumaa nilimpelekea mwalimu mkuu barua ya mtaalamu, akaisoma kwa huruma kubwa sana, akaiweka kwenye droo, akasema sheria ni sheria, nywele zikatwe. Basi Jumapili mchana nikakaa sakafuni chumbani kwa Bibi Afya, karibu na mlango, mbali naye kadiri chumba kilivyoruhusu. Nikamwambia nilikosea kumwita mjomba wake amshike, na kwamba sitarudia. Akageukia ukutani. Nikamwambia mimi pia sipendi kuguswa kichwa. Akageuka akanitazama.

"Wewe nani anakunyoa?"

"Najinyoa mwenyewe. Mkono wangu najua unakokwenda. Wa mtu mwingine siujui."

Akautazama mkono wake. "Na mimi wangu naujua."

Nikampa mkasi mdogo wenye ncha butu, nikamsogezea kioo. Nimewanyoa maharusi mimi, nimemnyoa na bwana mmoja wa wizarani aliyekuja na walinzi, na nilikaa pale nimekalia viganja vyangu nikitazama uharibifu ambao sijauona tangu nianze kazi. Alikata mbele, akakata pembeni, akaruka kipande, akarudi akakichimba. Kichwa kikawa kama shamba lililoingiliwa na mbuzi. Kila mteja wangu atakiona, na mwenzangu wa kiti cha pili atakula hadithi hiyo mpaka Krismasi. Mwalimu mkuu akiuliza ni fundi gani huyu, ataambiwa ukweli.

Alipofika kisogoni mkono ukakwama. Akajaribu wa kulia, akajaribu wa kushoto, akajikata nywele tatu. Akashusha mkasi. Nilitamani kusema kitu, nikajizuia, na kwa kinyozi kunyamaza si jambo dogo.

Akainuka, akavuka chumba, akakaa sakafuni mbele yangu akinipa mgongo. Mkasi akaunyoosha nyuma juu ya bega.

"Hapa tu," akasema. "Na useme kabla hujagusa."

Nikasema naja, nikangoja aitikie. Alichelewa kidogo, lakini aliitikia.