Nilimwambia mke wangu nesi kasema hakuna shida

Admin, jina langu baki nalo mwenyewe, maana kijijini kwetu ukurasa huu unasomwa kuliko Biblia. Nina miaka 36, nina mke na watoto wawili wa kike, tunaishi Rugu, Karagwe, kwa kahawa na migomba. Mama yangu mzazi tuko naye nyumba moja. Matusi yenu nimeyastahili, nitayasoma yote.

Watoto wote wawili mke wangu alijifungua kwa upasuaji. Kwa huyu wa pili alitoka damu mpaka nikaambiwa niwaite ndugu. Daktari aliniambia wazi kwamba mimba nyingine inaweza kumuua, akashauri afunge kizazi. Mke wangu alikubali palepale kitandani. Mimi nikakataa. Moyoni nilikuwa bado natamani mtoto wa kiume, ila mdomoni nikasema, "Atatumia vidonge, nitavisimamia mimi mwenyewe." Mjuaji mkubwa.

Mama hataki kusikia habari za uzazi wa mpango. Kila siku ni "Mwanangu, hiki kibanja utamwachia nani?" na akifagia chumba chetu anapekua hadi chini ya godoro. Kwa hiyo vidonge tukaviweka kwenye mfuko wa ndani wa koti langu, ambalo hawezi kuligusa. Kila jioni mke wangu akiwa anapika, napita jikoni kama nakwenda kuonja maharage, nampa kimoja, anameza. Karibu miaka mitatu hatukuruka hata siku moja.

Mwezi uliopita baba yangu mdogo akafariki kule Nyakatuntu, Kyerwa. Nikavaa koti nikaondoka. Jioni nimekaa nje na wanaume kwenye moto, natia mkono mfukoni, navikuta. Nilishtuka. Kulikuwa na mtu wa bodaboda ningeweza kumtuma, lakini ni wa ukoo wetu, nikaona aibu: mwanaume gani huyu anayetembea na vidonge vya wanawake? Kurudi mwenyewe nikaona nitasemwa nimekimbia msiba. Nikakaa siku nne, mpaka matanga yakaisha.

Siku ya pili mke wangu alinipigia akinisihi. "Waitu Baba Anjela, ile dawa umeondoka nayo. Mpigie basi nesi wa zahanati umuulize tufanyeje." Nikamwambia sawa. Kwanza watu walikuwa wamenizunguka, kisha nikasahau, kisha nikaona uvivu. Sikupiga.

Niliporudi swali lake la kwanza lilikuwa hilo. "Nesi amesemaje?"

"Amesema hakuna shida, unaendelea pale ulipoishia."

"Una uhakika? Tusisubiri kwanza siku kadhaa?"

"Nesi amesomea hiyo kazi. Wewe umesomea wapi?"

Ndivyo nilivyomjibu mke wangu. Usiku huohuo akanikubalia kitandani.

Sasa siku zake zimepita kwa wiki mbili. Asubuhi anatapika nyuma ya migomba. Mama ameshamwona, anaimba nyimbo za kanisani huku akimenya ndizi, na amemkataza kubeba maji. Mke wangu ndiye asiyeogopa. Ananiambia, "Hii ni malaria tu. Kama kungekuwa na hatari nesi angetuambia." Anasema hivyo akiniangalia usoni, ananiamini kabisa. Nimeshanunua kipimo duka la dawa Kayanga, wiki nzima nashindwa kumpa, kwa sababu najua kikionyesha mimba kitu cha kwanza atakachofanya ni kumfuata nesi. Na kila siku ninayochelewa ni yeye anayeumia. Hilo nalijua, na bado mdomo haufunguki.

Jana alikuwa amekaa mlangoni anamsuka mdogo, huku akimwelekeza Anjela, ana miaka saba, namna ya kushika nywele. "Jifunze mapema, siku nisipokuwepo utamsuka wewe." Alimaanisha siku akienda sokoni. Nilitoka, nikaenda kulia kwenye kahawa kama mtoto.

Ndugu zangu, na nyie wanawake mliowahi kuambiwa na daktari msizae tena, nishaurini. Nimpeleke vipi hospitali, na nianze na neno gani kumwambia kwamba yule nesi sikumpigia?